Meza ya Kola

Kufukuzwa kazi kulimuuma Mama Kola, asikudanganye mtu. Lakini kilichomfanya aingie bafuni, afunge mlango na alie kwa nafasi ni kwamba wifi yake hakufukuzwa. Yeye kaachishwa, wifi kabaki. Yeye aliyekijua kiwanda tangu kuta zake hazijapakwa rangi kaambiwa ahsante na kwaheri. Wifi mtu, aliyeingia juzijuzi na bado anaulizia stoo iko wapi, kaachiwa kiti pamoja na mto wa kukalia. Jamani! Na mto wenyewe Mama Kola ndiye aliyeushona.

Hakuwa na mtoto aitwaye Kola, msicheke. Jina alipewa na wenzake katika kiwanda kile cha mashati ya sare, kwa sababu kwenye meza ndefu ya kola hakukuwa na wa kumfikia. Mkono wa shati hata mwanagenzi atauunga, na kifungo kitashikiliwa na yeyote mwenye sindano. Kola ni shughuli nyingine. Kola ikienda upande, shati jipya linaonekana limelaliwa na mlevi. Wengi wakifika kwenye ile ncha huichokoa kwa mkasi ili igeuke, na nusu yao huitoboa. Mama Kola alikuwa anaingiza uzi kwenye pembe kabla ya kugeuza, halafu anauvuta taratibu, na ncha inatoka yenyewe, kali, haina jeraha. Ujanja huo hakumpa mtu. Mwenzake akisogea kuchungulia, Mama Kola anampa mgongo na kuanza kukohoa hadi mtu aondoke kwa kuogopa kuambukizwa.

Alimfundisha mmoja tu, wifi yake huyo. Alikuwa mdogo wa mumewe, ndoa ilimshinda, akaja na begi lake mlangoni, "Kaka, nipokee." Kaka ni fundi rangi, mwenye kazi leo na kesho hana, akamtazama mkewe. Mkewe ndiye aliyesema karibu. Ndiye aliyemtafutia chumba cha jirani katika nyumba ile ile ya kupanga, ndiye aliyekwenda kumlamba miguu msimamizi wa kiwanda mpaka akamchukua. Akamkalisha ubavuni pake mezani, akamshika kidole, akamwonyesha uzi unapopita. Siku zile walikuwa damudamu. Ukimwita mmoja wanaitika wawili.

Halafu serikali ikapandisha kima cha chini cha mshahara.

Ilitangazwa redioni mchana, cherehani zikiwa zinanguruma, na aliyesikia kwanza alipiga ukelele watu wakadhani kachomwa sindano. Nyie, pale kiwandani kulichezwa siku hiyo! Mama mmoja mnene wa kitengo cha vifungo alipanda juu ya meza akakata mauno hadi msimamizi akaja na rula ya mbao kumteremsha. Na sheria haikuishia kwenye kima cha chini. Ilisema pia kwamba aliyekaa kazini muda mrefu apandishwe daraja, na mshahara wake upande naye. Mama Kola alirudi nyumbani miguu haigusi ardhi. Kabla hajafika kwenye kona ya fundi viatu alikuwa ameshanunua kabati la vioo kichwani mwake, ameshalichagulia ukuta, na ameshakasirika na mumewe kwa kuligonga na ngazi yake.

Mwezi haukuisha, wakaitwa uani. Msimamizi alisimama kwenye ngazi za ofisi. Ni mtu wa sauti ya upole, daima ana kijiti cha meno mdomoni hata kama hajala kitu. "Serikali imesema, sisi tumetii," alisema. "Kila atakayebaki atalipwa kama sheria inavyotaka." Watu wakapiga makofi. Kisha lile neno "atakayebaki" likawaingia vizuri masikioni, na makofi yakaanza kukatika kutoka nyuma kuja mbele. Nusu ya meza ya kola ilimwaga unga siku hiyo.

Mama Kola alimfuata hadi mlangoni mwa ofisi. "Bosi, pamekosewa. Mmeniweka mimi pahali pa wifi yangu."

"Hatukukosea, mama. Wifi yako ni daraja la chini kabisa. Wewe kwa miaka yako inabidi tukulipe kama watu wawili. Kazi yako nzuri, hakuna anayebisha. Ni ghali tu."

"Ghali? Kwani mimi nyama?"

Msimamizi akahamisha kijiti kutoka upande huu wa mdomo kwenda ule. "Si mimi niliyepanga, mama. Waulize waliotunga sheria."

Mtaani kila mtu alikuwa na maelezo yake. Mumewe alisema kosa ni la serikali, kwamba huwezi kupandisha mshahara kwa mdomo bila kumuuliza mwenye kuulipa. Fundi viatu alisema serikali imefanya haki yake, mchoyo ni tajiri, hebu tazameni gari lake lile jipya. Mama wa vifungo, naye kapunguzwa, alisema shida ni mashati ya bei chee yanayoingia kutoka nje, kwamba kiwanda kingepunguza watu hata kama sheria isingekuja. Waligombana pale kwa fundi viatu mpaka viatu vya watu vikachelewa. Pengine wote walikuwa na kipande cha ukweli. Mama Kola hakuwa na haja na vipande. Alitaka mtu wa kumlaumu, na mtu huyo alikuwa anakaa chumba cha jirani.

Kazi alitafuta, tusimwonee. Alikwenda kwa washona mapazia, wakamwambia na wao wanapunguza. Alikwenda kwenye karakana ya mabegi ya shule, na huko mwenyewe alimpa kitambaa ajaribu. Mama Kola alikishona, yule bwana akakigeuza huku na huku akicheka kwa furaha, akaita na mkewe aje aone. Kisha akauliza, "Umefanya kazi miaka mingapi, mama?" Mama Kola kwa kujitapa akamwambia. Uso wa bwana ukashuka papo hapo. "Basi wewe utanidai daraja," alisema. "Mimi nitafutie msichana asiyejua kitu. Kufundisha nitafundisha mwenyewe." Fikiria hilo. Mtu unanyimwa kazi kwa sababu unaijua.

Akirudi nyumbani ndipo mateso yalipoanza. Asubuhi anasikia ndoo ya wifi bafuni, anamsikia anaimba, anasikia viatu vinaondoka, ko, ko, ko, kwenye korido. Mwisho wa mwezi akamwona anaingia na godoro jipya, limefungwa kwenye nailoni yake, anasaidiwa kulibeba na kijana wa mkokoteni. Godoro! Mama Kola alilala usiku ule akilipima unene. Mumewe naye, kwa ujinga wa wanaume, akasema, "Mdogo wangu anajitahidi, eh?" Chai yake ya asubuhi ilikuja baridi.

Wifi hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililozidi kuudhi. Angekuwa na majivuno ingekuwa nafuu, mtu angejua pa kumshika. Lakini yeye kila akipokea mshahara alikuwa analeta kitu, sabuni, mchele, sukari, anakiweka mlangoni kimya kimya na kuondoka kabla ya kushukuriwa. Mama Kola aliiweka sukari juu ya kabati la nguo na kuanza kunywa chai chungu. Mumewe alipouliza, alisema daktari kamkataza. Daktari gani, wakati hospitali mara ya mwisho alikwenda kumtazama mgonjwa wa mtu mwingine? Alikuwa anakunja uso kwa kila funda, lakini sukari ya wifi hakuigusa.

Hivyo ndivyo msimamizi alivyomkuta, siku alipokuja mwenyewe hadi nyumbani kwake, kijiti mdomoni na furushi begani. Alilifungua mezani. Ndani kulikuwa na vipande vya kola vilivyokatwa tayari, na kitambaa chake kigumu cha kuweka kati.

"Mama, una cherehani yako?"

"Ninayo."

"Shona hizi hapa hapa kwako. Tutakulipa kwa kila kola iliyokamilika. Siyo kama ndani, unaelewa, hii ni kazi ya nje. Haina daraja, haina likizo, haina mambo mengi."

Malipo aliyoyataja yalikuwa ya kutia aibu, na aliyataja huku akitazama dari. Mama Kola akafungua mdomo amtolee uvivu. Ndipo msimamizi akaongeza, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, "Atakayefanya vizuri tutamkumbuka. Nafasi ndani ikitokea."

Nafasi! Mama Kola hakusikia tena lolote. Kichwani mwake nafasi ilikuwa moja tu, ina mto alioushona yeye, na aliyeikalia alikuwa anajulikana. Alitaka kurudi mezani pale, na siku ya kurudi alitaka wifi awe amesimama kando, anafungasha.

Alishona, nyie, sijui nisemeje. Cherehani ya miguu iliyokuwa inawekewa vyombo juu yake ilivuliwa kitambaa na kutiwa mafuta. Jua likichomoza yuko juu yake, likizama yuko juu yake. Fundi rangi, ambaye wiki hizo hakuwa na ukuta wa kupaka, alipewa pasi. Mara ya kwanza aliunguza kola mbili na kidole. "Pasi siyo brashi, mume wangu!" Mwishowe akaweza, na majirani waliopita dirishani wakimwona anapiga pasi walikohoa kwa makusudi. Wifi alikuja jioni moja ametoka kazini, akasema, "Wifi, nikusaidie kugeuza?" Mama Kola akajibu kwamba kola zilizobaki ni chache, wakati rundo lilikuwa limemfika kiunoni. Hakutaka baadaye isemwe ni kazi ya watu wawili.

Mafurushi yakaongezeka. Kila alilopeleka lilisifiwa. Naye kwa kusifiwa alivimba kichwa, na siku moja, amesimama mbele ya meza ya msimamizi, akayasema maneno aliyokuwa ameyatafuna njia nzima.

"Bosi, linganisha. Kola zangu na zile za ndani, zipi bora?"

"Zako. Halina ubishi hilo."

"Basi nipe na za ndani. Za meza nzima. Nina watu."

Msimamizi akatoa kijiti mdomoni. Hilo lilikuwa jambo la nadra. "Watu wako wanaweza kutoa ncha kama hizi?"

"Nikiwafundisha wanaweza."

Akarudi akawakusanya wanawake waliopunguzwa naye, mama wa vifungo na wenzake, kila mmoja na cherehani yake chumbani kwake, na ule ujanja wa uzi, ule aliokohoa miaka yote kuuficha, akaumwaga mbele yao asubuhi moja. Hakusikitika. Alikuwa anaiona siku atakayoitwa ndani, siyo kukaa mezani tu, bali kuisimamia meza yenyewe. Na wifi? Wifi atajua mwenyewe. Ndivyo alivyojisemea, kwa sauti, hadi mumewe akauliza anaongea na nani.

Baada ya hapo wifi alikuja tena. Safari hii alisimama mlangoni, hakuketi hata alipokaribishwa kwa shingo upande.

"Wifi, nina neno. Usinielewe vibaya."

"Sema."

"Punguza kasi. Huko ndani meza yetu haina kazi. Tunashinda tunachomoa nyuzi zilizobaki kwenye mashati ya watu. Msimamizi anapita, anatutazama, anapita tena."

"Kwa hiyo mimi nife njaa ili nyinyi mpate cha kufanya?"

"Sijasema hivyo. Nasema shona kiasi, na hao wenzako uwaambie hivyo hivyo. Wakiona kazi ya nje inatosha, ndani watafunga. Wakifunga, wewe utarudi wapi?"

Alisema kwa sauti ya chini, na macho yake yalikuwa mekundu. Mama Kola alimtazama kuanzia viatu hadi kichwani. Na taratibu, kitu kitamu kikaanza kumpanda kutoka tumboni. Huyu ananionea wivu! Miezi yote hii mimi ndiye niliyekuwa naungua, leo zamu yake. Kaja kuniomba nisishone! Ilibidi auinamie uzi ili tabasamu lisionekane.

"Nimekusikia, wifi," alisema. "Ukitoka rudishia mlango."

Jioni hiyo aliteremsha sukari kutoka juu ya kabati, akaitia kwenye chai, vijiko vya haja, akanywa na kuomba nyingine. "Mdogo wako kijicho kimemtoka," alimwambia mumewe.

"Mbona alichosema kina maana?" fundi rangi alijibu. "Wakipata kola bila kukulipa daraja, wakuite ndani wakufanyie nini?"

"Wewe piga pasi."

Akapiga pasi. Na Mama Kola, badala ya kupunguza kasi, akaizidisha.

Wito ukaja. Afike kiwandani asubuhi, kasema msimamizi. Mama Kola aliitoa aproni yake ya zamani ya kazini, akaifua, akainyoosha mwenyewe maana ile hakumwamini mtu nayo. Akapaka mafuta usoni, akafunga kitambaa kipya kichwani. Njiani kila aliyemsalimu alijibiwa kwa furaha, hata wale asioongea nao. Alipoingia getini akakuta vijana wanapakia cherehani kwenye lori, na nyuma yao inakuja ile meza ndefu, imebebwa miguu juu. Meza ya kola. Ikapitishwa mbele ya pua yake.

Bado hakuelewa. Maskini, alidhani wanaitoa ili walete mpya.

"Tumeifunga," msimamizi alimwambia ofisini, kwa ule upole wake. "Hatuna haja nayo tena. Wewe ndiye uliyetuonyesha, mama. Kola zote zitashonwa nje."

"Na nafasi yangu?"

"Nafasi ipi?"

"Ulisema atakayefanya vizuri."

"Umefanya vizuri sana. Lakini fikiri mwenyewe. Nikikuingiza ndani, sheria inanitaka nikulipe kwa daraja lako, likizo yako, ugonjwa wako. Ukiwa kwako unanishonea kola hizo hizo, na sheria haina habari nawe." Akatabasamu, hakika hakuwa na nia ya kumtukana. "Mimi ningekuwa wewe ningefurahi. Una kazi. Wapo huko nje wasio nayo."

Walikuwa nje kweli. Wale wote wa meza walikuwa wamesimama karibu na geti, kila mmoja na kimfuko chake, na wifi alikuwa kati yao, kaushika ule mto kwapani. Siku hii Mama Kola alikuwa ameiota mara nyingi. Katika ndoto wifi alilia na yeye akampita akiwa ameinua shingo. Sasa wifi hakulia, na yeye shingo haikuinuka.

Mama wa vifungo na baadhi ya washonaji wa nje walikuwa wamefika pia kuchukua mafurushi yao. Msimamizi akatoka na furushi moja, kubwa kuliko yote yaliyotangulia, akalitua chini. "Bei imeshuka kidogo," alisema. "Siku hizi washonaji ni wengi. Anayetaka achukue, asiyetaka hatumlazimishi." Akasimama pale akichokonoa meno.

Hakuna aliyesogea. Wifi ndiye aliyetoka kwenye kundi. Akaja moja kwa moja kwa Mama Kola, akamshika mkono.

"Wifi, tulikatae," alisema, na wote walisikia. "Wa ndani na wa nje, sote. Mashati yao yamekatwa, yanangoja kola. Nani atavaa shati lisilo na kola? Tukikaza kidogo tu, meza itashuka kwenye lori na kurudi ndani, na sisi nayo. Hawa wote umewafundisha wewe. Ukikataa wewe, hakuna atakayeligusa."

Na ilikuwa kweli. Mama Kola alijua ni kweli, na msimamizi naye alijua, maana kijiti kilikuwa kimetulia. Kiti chake, daraja lake, meza yake, vyote vilikuwa pale, vinasubiri neno moja kutoka kinywani mwake. Alilisikia likija. Mkono wa wifi ulikuwa wa moto, na ulikuwa ni ule ule aliouongoza kwenye uzi wakati ule wakipendana.

Kisha akainua macho akawaona wenzake. Hawakuwa wanamtazama yeye. Walikuwa wanamtazama wifi. Mama wa vifungo alikuwa anatikisa kichwa kukubali, midomo wazi, na wale wa meza walikuwa wamesogea nyuma yake bila kuambiwa, wamemzunguka. Macho ya namna hiyo zamani yalikuwa yanakuja kwake, kwa ajili ya kola zake. Leo hii mtoto huyu aliyempokea na begi lake moja, aliyemfundisha hadi kushika mkasi, anaongoza watu! Meza ikirudi, itasemwa nani kairudisha? Na yeye atakaa kwenye meza ya nani? Halafu likaja wazo lingine, baya zaidi: wifi atakataa hapa mbele ya watu, kesho alfajiri aje kulichukua furushi kwa mlango wa nyuma. Aliutafuta uwongo huo usoni mwa wifi, hakuuona, na kutouona kukamchoma kuliko kama angeuona.

Akauchomoa mkono wake. Akainama, akaliinua furushi, akalitwika kichwani.

"Mimi nina familia," alisema.

Hakuna aliyemtukana. Walimpisha tu njia, na aliposikia hatua nyuma yake akageuka, akamwona mama wa vifungo anamwomba msimamizi furushi lake.

Nyumbani mumewe alimuuliza, "Umepata nafasi?" Akamjibu kwamba amepata, awashe pasi.

Wiki ile mlango wa chumba cha jirani ulifunguliwa kwa nadra. Ndoo haikusikika asubuhi, wala wimbo. Godoro lilitoka na kijana yule yule wa mkokoteni, bila nailoni. Kisha, mchana mmoja, wifi akabisha hodi.

"Wifi, nigawie kidogo nishone. Kodi imenifika shingoni."

Mama Kola alikuwa na rundo asiloweza kulimaliza hata kwa wiki. "Nitakugawia," alisema. "Lakini bei unajua imeshuka." Akataja malipo. Bei ilikuwa imeshuka kweli, lakini siyo kwa kiasi hicho. Hapo kati alikuwa ameikata yeye mwenyewe, papo kwa papo, bila kusoma popote. Fundi rangi aliinua kichwa kutoka kwenye pasi. Mkewe akamkazia macho, naye akakiinamisha tena.

"Sawa, wifi," wifi mtu alisema, akavuta kiti upande wa pili wa meza.

Walishona hadi jua likageuka. Jioni Mama Kola akazikagua kola moja moja mbele ya dirisha. Za wifi zilikuwa safi. Moja ilikuwa zaidi ya safi. Mshono wake ulinyooka kote bila kuyumba, ncha zake mbili zilifanana kabisa, na ilipowekwa mezani ilisimama yenyewe kama inayosubiri shingo. Katika kushona kwake kote Mama Kola hakuwahi kutoa kola kama ile. Aliigeuza akaitafutia kosa. Akaigeuza tena. Wifi alikuwa amekaa mikono mapajani, uso umekonda, anamtazama akisubiri kusikia fundi wake atasemaje.

"Hii umeiharibu," Mama Kola akasema, akaitupa chini ya meza. "Siilipii."